Mazungumzo ya Afya Kabla Lori la Majani Halijafika

Nyinyi vijana mnaozunguka boma kwa boma na mikoba yenu ya afya, juzi mliniita niwaambie kazi hii tulikuwa tunaifanya vipi zamani. Mkanipa dakika kumi. Dakika kumi mimi hata sijamaliza kusalimia. Kwa hivyo nimeamua kuandika, na mtu akichoka kusoma aende akakamue ng'ombe kwanza, akirudi atanikuta hapa hapa.

Nilikuwa nesi wa zahanati, upande wa Litein, karibu miaka yote ya tisini. Kwetu ni Kisii lakini huku ndiko nilikozeekea. Kikipsigis, lugha ya wenyeji, nilijifunza cha kutosha kusalimia, kununua maziwa na kugombana. Mambo mengine yote tuliyafanya kwa Kiswahili, hiki chetu cha huku juu, ambacho mtu wa Mombasa akikisikia anashika kichwa.

Kazi ninayotaka kuwaambia haikuwa ya kudunga sindano. Yalikuwa mazungumzo ya bure mbele ya watu. Mtu wa hospitali anasimama hapa, mtu wa mitishamba anasimama pale, na wote wawili wanaongea juu ya mwili huo huo mmoja: unakula nini, unalala vipi, unameza nini na unaficha nini. Siku hizi nasikia kuna watu wanasomea hayo mpaka chuo kikuu. Sisi tuliita mazungumzo ya afya tu, na kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kreti ya soda.

Aliyeanzisha alikuwa Daktari Wafula. Kwa vyeti alikuwa ofisa wa kliniki, lakini nani angeanza kutafuta cheti wakati mtoto anaharisha? Alikuwa Mluhya mrefu, mcheshi, shati limepigwa pasi hata siku ya matope. Alichoka na jambo moja. Anampa mgonjwa dawa leo, wiki ijayo mgonjwa anarudi vile vile, akiulizwa anasema amemeza zote. Kumbe nyumbani amechanganya na mizizi ya kuchemsha, na hasemi kwa sababu anajua atafokewa.

"Nesi," akaniambia, "hawa watu wana madaktari wawili, na hao madaktari hawajuani. Twende tukajuane."

Tukaenda kwa Kogo Taplelei. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na huyu alikuwa nyanya wa kijiji kizima. Alizalisha akina mama, alichemsha dawa za matumbo, na alikuwa na mikono mikubwa ambayo ukiwekewa mgongoni unasikia nafuu kabla hajafanya lolote. Alipotuona na makoti yetu meupe hakusimama.

"Mmekuja kunishika?" akauliza.

"Tumekuja kukuuliza, Kogo," Daktari akasema.

"Hospitali imekuja kuuliza?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatuita ndani.

Alikubali kuja kwenye mazungumzo, lakini kwa sharti. Kila mmoja, kabla hajasema dawa yake inaweza nini, aanze kwa kusema kile isichoweza. Daktari Wafula hakupenda. Alisema watu watapoteza imani. Kogo akamwambia watu wanajua tayari, wanangoja tu kuona kama wewe pia unajua.

Hilo sharti, vijana, ndilo lililotujengea jina. Siku ya kwanza Kogo alisimama akasema, "Mimi tumbo la mtoto natuliza, mgongo nanyoosha. Lakini mama akishazaa na damu ikakataa kusimama, mimi siwezi. Msiningoje, mbebeni." Alisema hivyo akiwa anaangalia chini. Daktari naye akasema, "Mimi mtu asiyelala kwa sababu ya mawazo siwezi kumponya. Nina vidonge, na vidonge havisikilizi mtu." Watu hawakuwa wamewahi kusikia mtu wa hospitali akisema siwezi. Baada ya hapo maswali yalikuja kwa wingi, hata ya vitu vya chumbani.

Msifikiri tulianza vizuri. Tulikwenda soko la Chepseon siku ya soko tukasimama karibu na muuza dawa ya minyoo. Yule bwana alikuwa na kipaza sauti na minyoo mirefu ndani ya chupa. Sisi tulikuwa na Daktari Wafula akipiga kelele kwamba mazungumzo ni bure. Kila akisema bure, watu wanasogea upande wa minyoo. Nikamuuliza mama mmoja mbona anaondoka. Akanijibu kwa upole kabisa, "Nesi, kitu cha bure ndani ya soko lazima kina shida." Kogo alitucheka njia nzima ya kurudi, na Daktari akanuna mpaka tukafika nyumbani.

Fort Ternan ndiko tulikoaibika sawasawa. Daktari aliandaa mazungumzo ya kifua na baridi, yale yale tuliyoyafanya huku juu ambako watu wanachuna chai ndani ya ukungu wakiwa wamelowa. Huko chini kuna joto na miwa na mbu. Mzee mmoja alingoja mpaka mwisho, akavua kofia, akauliza, "Daktari, hiyo baridi iko wapi, tuifuate?" Tangu siku hiyo tulijifunza kufika mapema, kuomba maji ya kunywa na kuuliza wenyeji wanaugua nini. Hata nyinyi fanyeni hivyo. Ukiomba maji utaona yanatoka wapi, na hapo umeshajua nusu ya magonjwa ya mahali.

Mahali petu palipofaa tulipapata kwenye senta ya majani. Anayetoka kwingine pengine hajui: mkulima mdogo wa chai huchuna asubuhi, halafu hubeba kikapu mpaka kibanda cha mabati kando ya barabara, hapo hungoja lori la kiwanda lije na karani apime. Na lori la wakati ule, na zile barabara za udongo mwekundu, halikuwa na saa. Linaweza kuja mchana, linaweza kuja jioni likivutwa na trekta. Watu wamesimama pale, majani yametandazwa juu ya meza wanachambua yale magumu, na hawana pa kwenda. Nikamwambia Daktari, mkutano uko hapa tayari, tumekosa tu kuufungua kwa maombi.

Kuna ujanja wake. Mtu anayechambua majani husikia vizuri kuliko anayekutazama usoni, kwa sababu mikono ina kazi na aibu haina pa kukaa. Mama atauliza swali la ndani kabisa akiwa ameinamia majani yake. Ukimwambia simama, uliza kwa sauti, umemfukuza. Mvua ikianza kupiga mabati, nyamaza, usishindane nayo. Na la muhimu kuliko yote, neno zito liseme kwanza. Lori likisikika pale kona, mkutano umekufa. Hata kama ulikuwa unaeleza namna ya kufufua mtu, utabaki na meza tupu.

Sasa niwaambie habari ya Emily, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Senta yetu ilikuwa na kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee arap Rotich. Watu wote walimwita Chairman, hata mkewe. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye kiburi cha chai yake. Ukifika kwake unapewa kikombe kabla hujaulizwa jina, na ni chai iliyochemshwa na maziwa mpaka ikawa na rangi ya barabara. Ndiye aliyeturuhusu kuongea pale senta. Emily alikuwa mke wa kijana wake. Kijana alifanya kazi ya udereva mbali, kwa hivyo Emily aliishi pale kwa wakwe zake, akichuna chai na kukamua.

Mimba yake ya kwanza ilikwisha vibaya. Alizalia nyumbani, akatokwa na damu nyingi, mtoto hakuishi, na yeye mwenyewe alifika hospitali ya misheni akiwa amebebwa kwa blanketi. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Kila akija zahanati namvuta kope ya chini naona weupe. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyefua nguo mchana kutwa. Nikampa vidonge vya kuongeza damu. Akarudi, vile vile. Nikampa tena. Vile vile. Hospitali ya misheni wakampima, wakatuambia damu iko chini sana na kwamba akizaa hivyo, hata damu kidogo tu ikitoka, inaweza kumuondoa.

Nilimpenda yule msichana. Alikuwa na mzaha mkavu, wa kusema kitu halafu anaangalia pembeni. Nilikuwa naogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mgonjwa yeyote.

Daktari Wafula akaanza kushuku kwamba anatupa vidonge. Wengi walitupa, kwa sababu vinafanya choo kiwe cheusi, na mtu akiona hivyo anadhani ameoza ndani. Kogo naye alikuwa anamchemshia gome la mti pamoja na supu ya mifupa, na hakuelewa kwa nini halifanyi kazi. Basi tukaenda nyumbani kwao sote watatu siku moja asubuhi. Chairman alikuwa shambani. Mkewe alitukaribisha, na kabla hatujakaa vizuri vikombe vikaja.

Emily alileta pakiti ya vidonge akaiweka mezani. "Mnasema natupa," akasema. "Sasa angalieni." Akachukua kidonge, akakimeza, akakisindikiza na chai yote kikombe kizima. Halafu akatuonyesha mdomo wazi, kama mtoto wa shule.

Nilimtazama Daktari. Kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani, hakiendi mdomoni wala mezani.

"Kila siku unameza namna hiyo?" akamuuliza.

"Na nini tena? Maji baridi asubuhi yote hii?"

Akamgeukia Kogo. "Na lile gome lako, anakunywa vipi?"

"Ni chungu," Kogo akasema. "Huwa nawaambia wafuatishe na chai." Halafu akaona uso wa Daktari.

Daktari akaeleza polepole. Chai nzito ikikutana na kidonge cha damu tumboni, inakishika. Kidonge kinapita tu, mwili hauokoti kitu. Alisema alifundishwa hilo chuoni, lakini alilichukua kuwa jambo dogo la mtihani, na katika nchi hii ambayo kila mlima ni chai, hakuna aliyewahi kulitaja mbele yake. Dawa zetu zote mbili, ya hospitali na ya Kogo, zilikuwa zinazama ndani ya sufuria moja.

Mke wa Chairman alicheka. Alidhani ni utani. "Daktari, chai? Hii hii unayokunywa?" Na kwa kweli tulikuwa tumeshika vikombe vyake.

Daktari akaamua kulisema pale senta, kwa sababu ikiwa Emily anameza hivyo, basi akina mama wote wanameza hivyo. Siku ile tulianza vizuri, Kogo akasema lake asiloweza, Daktari akasema lake. Halafu sijui alipatwa na nini, mtu aliyenifundisha mimi kusema neno zito kwanza, akaanza kwa kuzunguka, akaeleza damu ni nini, akaeleza chakula, mboga ya isagek, maini, maharagwe. Alikuwa anaogopa kulifikia, najua. Mwishowe akasema kwa sauti, "Na sasa mnisikilize vizuri, chai inaharibu dawa ya damu," na hapo hapo lori likanguruma kwenye kona.

Yaliyobaki hakuna aliyeyasikia. Yaliyobaki yalikuwa ndiyo dawa yenyewe: kwamba chai si mbaya, kwamba ni kutenganisha tu, kidonge kwa maji kwanza na chai baadaye. Watu walikuwa wameshainua vikapu. Waliondoka na nusu ya maneno, na nusu hiyo ikatembea kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Kufikia sokoni ilikuwa inasema zahanati imepiga marufuku chai. Kufikia kanisani ilikuwa inasema chai inanyonya damu ya watu.

Chairman alikuja zahanati mwenyewe. Hakukaa. "Mimi niliwapa senta," akasema, "mkanipa aibu. Kiwanda kikisikia kwamba kwenye senta yangu watu wanafundishwa kuogopa chai, watasema nini? Mkitaka kutukana mimea ya watu nendeni huko chini Soin mkatukane miwa."

"Chairman, hebu nikueleze," Daktari akasema.

"Ulikuwa na nafasi ya kueleza."

Na huo ukawa mwisho wa mazungumzo pale senta. Hilo lingeweza kupita, tungetafuta mahali pengine. Lakini nyumbani kwake mkewe alikusanya vidonge vya Emily akavifungia kabatini, akisema hawatatumia tena kitu cha watu wanaopigana na chai, mpaka Chairman atulie. Emily alikuja kwangu kwa siri, akipitia nyuma ya shamba. Alipanda ngazi za zahanati akapumzika katikati, na zile ngazi ni chache hata mbuzi hazihesabu.

"Nesi," akasema, akiangalia pembeni kama kawaida yake, "mimi nitakufa?"

Nilimshika mkono tu. Halafu nikaenda kabatini nikachukua pakiti nyingine, nikafikiria nimpe akafiche kwenye kikapu cha majani, ameze kule shambani kwa maji. Kogo alikuwa amekaa pale benchi akiningoja. Akaniambia, "Rudisha."

"Kogo, msichana anaisha."

"Naona. Mimi pia nina macho. Lakini ukimfundisha kuficha, kesho ataficha na kutokwa na damu. Watu kufichana ndiko kulikotuleta hapa. Chukua koti, twende kwa yule mzee."

Hapa lazima niwaeleze jambo, hasa nyinyi mliozaliwa mjini. Kwa desturi ya huku, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa umbali. Hakai naye karibu, hamtaji ovyo, na habari ya mimba yake ndiyo kabisa haingii masikioni mwake. Chairman alikuwa anaishi boma moja na msichana anayekwisha, na hakuna mdomo uliokuwa na ruhusa ya kumwambia. Mkewe angeweza, lakini mkewe alikuwa ameshachukua upande wa mumewe na hakutaka kuonekana ametikisika.

Tulimkuta Chairman amekaa nje anasugua matope kwenye gambuti zake. Kogo alikataa kiti. Alikataa na chai, na hapo ndipo mzee alipojua jambo si dogo.

"Nimekuja kusema kitu ambacho mtu hapaswi kukuambia," Kogo akasema. "Mimi nimezeeka, hakuna mtu atanishtaki popote. Mke wa kijana wako hana damu. Mtoto wa kwanza nilimpokea mimi kwa mikono hii akiwa amekufa. Damu ya mama yake nilijaribu kuizuia nikashindwa. Ndiyo sababu kila siku pale senta nasema siwezi. Nyinyi mnadhani ni maneno ya kufungua mkutano."

Chairman aliweka gambuti chini.

"Daktari hakutukana chai," Kogo akaendelea. "Alisema dawa imezwe kwa maji, chai ingoje kidogo. Lori likamkata maneno. Dawa yangu pia inataka hivyo hivyo, na mimi nilikuwa sijui. Sasa vidonge vyake vimefungiwa kabatini kwa ajili ya heshima yako. Akizaa hivi alivyo nitazika wawili."

Nilisikia ng'ombe wakitafuna majani huko nyuma. Halafu yule mzee akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mbona hakuna mtu aliniambia?"

"Ungeambiwa na nani?" Kogo akasema.

Akasimama akaingia ndani. Hatukusikia maneno, tulisikia tu kabati likifunguliwa. Mkewe akatoka na vidonge mkononi na kikombe cha maji, akapita mbele yetu bila kutuangalia, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Emily. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani naye alikuwa anaogopa siku hizo zote, akakosa mahali pa kuiweka hofu yake.

Tungeweza kurudi nyumbani tumeridhika. Lakini Chairman alisema turudi senta, na kwamba safari hii ataongea yeye, na ataongea kwanza.

Siku hiyo watu walijaa mpaka barabarani, kwa sababu kila mmoja alikuja kuona ugomvi. Chairman akapanda pale panapowekwa mizani. Hakumtaja mtu yeyote wa nyumbani kwake.

"Mimi chai nalima, nauza, nakunywa," akasema. "Nikifa mtanizika karibu nayo. Sasa sikieni. Dawa ya damu, ya Daktari au ya Kogo, mama aimeze asubuhi na maji akitoka kwenda kuchuna. Chai anywe kikapu cha kwanza kikishajaa. Si kabla. Na mzee akimwona mkewe anakunywa maji asubuhi asiulize maswali ya kijinga." Watu wakacheka. Akarudia tena maneno yale yale kwa Kikipsigis, halafu akamgeukia Daktari. "Nimekosea mahali?"

"Hapana, Chairman," Daktari akasema. "Sina la kuongeza."

Nimefanya kazi ya afya maisha yangu yote na sijawahi kusikia maelezo bora ya saa ya dawa kuliko hayo. Sisi tungesema masaa kadhaa kabla na baada ya chakula, na nani shambani alikuwa na saa? Kikapu kila mtu alikuwa nacho. Kina mama wakaanza kuulizana pale pale, wameinamia majani, na mmoja akasema ndiyo maana vidonge vya dada yake havikusaidia. Lori lilipokuja lilikuta tumemaliza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Emily alimeza kwa maji kila asubuhi, mama mkwe amesimama mlangoni akimwangalia. Kogo aliendelea na supu yake ya mifupa. Mimi nilimletea mboga ile sisi Wakisii tunayoiita chinsaga na wao wanaiita isagek, tukabishana ni nani anajua kuipika, na Emily akasema zote mbili ni chungu lakini ya mama mkwe inasameheka. Nikajua anapata nafuu. Mtu anayekwisha hana nguvu ya kubagua mboga. Viganja vikaanza kurudisha rangi, kidogo kidogo, na hospitali ya misheni walipompima tena yule dada wa maabara alitoka nje kutuangalia, akatuuliza tumempa nini. Daktari akamwambia, "Maji."

Siku yake ilipofika hakuna aliyesema azalie nyumbani. Kogo mwenyewe ndiye aliyemfungia mkoba na akakaa naye ndani ya gari mpaka hospitali, akimshika mgongo. Damu ilitoka, si kidogo. Wakunga wa pale walikimbia huku na huku, na mimi nilisimama ukutani nikiomba kwa lugha zote ninazozijua. Lakini safari hii alikuwa na damu ya kupoteza. Ikasimama. Mtoto wa kike alizaliwa akilia vizuri, na mama yake akaomba chakula.

Vijana, mnaniuliza kama mazungumzo yanaponya. Mara nyingi mtaongea na watawasikiliza nusu, halafu lori litakuja. Endeleeni. Ongeeni mbele ya watu, mwacheni mwenzenu wa mitishamba asimame kando yenu, na mseme kwanza msichoweza. Mimi nina furaha kwamba niliifanya kazi ile, na sioni haya kusema hivyo.

Asubuhi baada ya Emily kuzaa nilitoka nje ya wodi nikamkuta Chairman amesimama karibu na geti, ndani ya koti lake la kanisani. Kuingia hawezi, desturi haimruhusu. Mkononi alishika thamosi kubwa, ile ambayo kila mtu wa huku humpelekea mzazi hospitalini, na kila mtu anajua ndani yake mna nini. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia kwa adabu. Akanikabidhi. Nikafungua kifuniko kidogo ninuse.

Ulikuwa uji wa wimbi.

"Amemeza dawa yake ya leo?" akaniuliza, akiangalia barabarani.

"Bado, mzee. Anameza sasa hivi."

"Basi mwambie ameze na maji," akasema. "Chai iko nyumbani. Itamngoja."